Kamera ya Mwanzo, Lenzi ya Zamani

Bibi yangu alifariki Julai 2016, Iringa. Kazi ya kutafuta picha ya kuweka mbele ya jeneza nilipewa mimi bila mjadala. Mimi ndiye mwandishi wa habari wa ukoo, mimi ndiye mwenye kamera. Nilikuwa nayo tayari mwaka wa pili: kamera ya dijitali ya daraja la chini kabisa, niliyoinunua mtumba Kariakoo pamoja na lenzi yake ya 18-55. Kila nilipokwenda likizo nilimpiga Bibi picha. Basi nikafungua kompyuta mpakato, shangazi akakaa kando yangu, tukapitia picha zaidi ya mia mbili.

Hakuna hata moja iliyofaa. Za sebuleni bila flashi zilikuwa zimetikisika, Bibi ana nyusi nne. Za flashi, paji la uso linang'aa kama sufuria iliyosuguliwa na ukuta wa nyuma umegeuka usiku. Nilikumbuka siku moja alivyofumba macho akaniuliza, "Mbona unanipiga radi, mjukuu wangu?" Za uani, zilizopigwa saa saba mchana, macho yake yalikuwa mashimo mawili ya kivuli.

Shangazi hakunisema. Alifunga kompyuta taratibu, akaenda chumbani, akarudi na bahasha ya kaki. Ndani mlikuwa na picha ya Bibi ya mwaka 1974, nyeusi na nyeupe, ndogo kama kiganja, ina mhuri wa studio nyuma yake.

"Tuweke hii," akasema. "Hapa anaonekana."

Neno hilo lilinikaa. Picha mia mbili za kamera ya kisasa hazikumwonyesha Bibi, na kipande kimoja cha karatasi kilimwonyesha. Tulipoikuza mjini, niliona ndani ya kila mboni ya jicho kimraba cheupe kidogo. Lilikuwa dirisha. Fundi yule alimkalisha Bibi karibu na dirisha, akasubiri.

Tangu hapo nimesoma sana kuhusu kamera, na nilianza kwa hasira. Nilitaka kujua kama tatizo ni mimi au ni kamera yangu. Jibu nililolipata liko kwenye historia ya lenzi, na nadhani linamhusu kila mtu mwenye kamera ya mwanzo kabatini ambayo ameshaikatia tamaa.

Tuanze mbali kidogo. Mwaka 1839 njia ya Louis Daguerre ya kupiga picha ilitangazwa Paris. Dunia ilishangaa, ila kulikuwa na kasoro: lenzi iliyotumika ilikuwa na tundu dogo, mwanga uliingia kwa kudokolewa. Aliyetaka picha ya uso wake alikaa bila kujitikisa kwa dakika kadhaa, wakati mwingine kichwa kimeshikiliwa na chuma kwa nyuma. Ukitazama nyuso za miaka ile utadhani watu wote walikuwa na ugomvi na mpiga picha.

Mwaka 1840 profesa wa hesabu huko Vienna, Joseph Petzval, alikokotoa lenzi mpya. Alisaidiwa na wanajeshi wa kikosi cha mizinga, kwa sababu watu wale walikuwa wepisi wa hesabu. Lenzi yake, iliyotengenezwa na Voigtländer, ilikuwa na tundu la f/3.6. Namba hizi za f zinawachanganya wengi, kwa hiyo nikwambie mapema: namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa. Lenzi ya Petzval ilipitisha mwanga zaidi ya mara kumi kuliko ile ya awali. Dakika zikashuka kuwa sekunde. Katikati ya picha palikuwa pakali na pembeni palikuwa laini, na watu wakapenda hivyo hivyo, maana uso ndio uliokuwa katikati.

Mwaka mmoja tu baada ya upigaji picha kutangazwa, jambo la kwanza kubwa lililorekebishwa lilikuwa kuongeza mwanga unaoingia ili uso wa mtu uonekane. Ndilo tatizo langu mimi la mwaka 2016, sebuleni kwa Bibi.

Halafu ikaja kamera ya watu wa kawaida. Februari 1900 kampuni ya Kodak ilianza kuuza Brownie kwa dola 1. Lilikuwa boksi la karatasi ngumu, lina kipande kimoja tu cha kioo mbele, halina cha kurekebisha fokasi. Mwaka wa kwanza ziliuzwa zaidi ya 100,000. Mabwana wa studio walizidharau, kama leo baadhi ya wapiga picha wa harusi wanavyomdharau kijana mwenye kamera ndogo. Lakini tazama waliopitia mlango huo. Seydou Keïta wa Bamako alipewa Brownie na mjomba wake mwaka 1935, akiwa kijana mdogo. Mwaka 1948 akafungua studio yake, na picha alizowapiga watu wa Bamako uani, kwa mwanga wa mchana, leo zinatundikwa kwenye makumbusho makubwa duniani. Huku kwetu, Mohamed Amin, aliyezaliwa Nairobi 1943 na kukulia Tanganyika, naye alianza na Brownie ya boksi. Mwaka 1963 alianzisha Camerapix hapa Dar es Salaam. Mwaka 1984 kamera yake ndiyo iliyoionyesha dunia njaa ya Korem, Ethiopia.

Sisemi kwamba boksi la karatasi lilitosha. Keïta alipopata uwezo alihamia kamera kubwa za studio. Ninachosema ni kwamba Brownie iliwafundisha nidhamu. Kamera ile haikukupa uchaguzi: ilikulazimu uwe na mwanga wa kutosha, na umbali wako uuhesabu kwa miguu. Aliyeizoea alijifunza kutazama mwanga kabla ya kutazama mtu. Kamera yangu ya Kariakoo ilikuwa na vitufe zaidi ya kumi, na hakuna hata kimoja kilichonilazimu kujifunza hilo.

Sasa tufike kwenye lenzi yenyewe. Mwaka 1925, kwenye maonyesho ya Leipzig, kampuni ya Leitz ilizindua Leica, kamera ndogo iliyobuniwa na Oskar Barnack. Ilitumia filamu ya sinema yenye upana wa milimita 35, na kila picha ilikuwa milimita 24 kwa 36. Lenzi yake ilikuwa ya milimita 50. Kipimo hicho kikakubalika, na kwa miaka mingi lenzi ya 50 ikawa ndiyo lenzi ya kawaida. Haisogezi vitu karibu wala haivirudishi nyuma. Inaonyesha mambo kwa uwiano unaokaribia ule tunaouzoea kwa macho.

Muundo wa ndani wa lenzi nyingi za 50 zenye tundu kubwa unatoka nyuma zaidi. Mwaka 1896 Paul Rudolph wa kampuni ya Zeiss alibuni lenzi iliyoitwa Planar: vioo sita, vimepangwa kama mtu na kivuli chake kwenye kioo cha kujitazamia. Ilikuwa bora kwa hesabu lakini vioo vilikuwa vingi mno, mwanga ukawa unagonga huku na kule ndani na picha inafifia. Ilibidi kusubiri hadi miaka ya 1930, Zeiss walipogundua namna ya kupaka kioo utando mwembamba unaopunguza mng'ao. Baada ya hapo muundo wa Rudolph ukafufuka. Baada ya vita kuu ya pili ulienea kila kiwanda, Ujerumani hadi Japani.

Hapa ndipo ninapotaka tutulie. Miaka ya 1960 na 1970, mtu akinunua kamera ya filamu ya kubadilisha lenzi, hata ile ya bei ya chini, mara nyingi dukani alikabidhiwa na lenzi ya 50 yenye tundu la f/2 au f/1.8. Hakuomba. Ilikuja nayo, kama kifuniko na sufuria. Kwa kuwa zilitengenezwa kwa wingi mno, bei yake ilikuwa chini. Kwa hiyo mwanafunzi wa mwaka 1975 alianza safari na mojawapo ya lenzi zenye uwezo mkubwa wa kukusanya mwanga, bila hata kujua bahati aliyo nayo.

Mwaka huo huo wa 1975 mhandisi wa Kodak, Steven Sasson, alitengeneza kamera ya kwanza ya dijitali iliyojitegemea. Ilikuwa na uzito wa karibu kilo 4, picha zake zilikuwa na megapikseli 0.01, na kila picha ilichukua sekunde 23 kuandikwa kwenye kanda ya kaseti. Miaka 28 baadaye, 2003, Canon walitoa EOS 300D, kamera ya dijitali ya kubadilisha lenzi iliyouzwa Marekani chini ya dola 1,000. Hapo mlango ukafunguka kwa watu wa kawaida. Na lenzi iliyokuja nayo ilikuwa 18-55, tundu f/3.5 hadi f/5.6.

Umeona kilichotokea? Katikati ya 1975 na 2003, mtu anayeanza alinyang'anywa dirisha. Lenzi za kuvuta na kurudisha, zile tunazoita za zumu, zilikuwa zimekuwa nyepesi na rahisi, na wateja walizipenda. Zinapendeza kweli: unasimama palepale, unazungusha mkono, mtu anakuja karibu. Gharama yake ni tundu. Ili zumu iwe ndogo na ya bei poa, tundu lazima libanwe, na ukivuta mpaka 55 linabanwa zaidi, linafika f/5.6. Pengo hilo likazibwa na flashi ndogo inayochomoza juu ya kamera, ile ile iliyompiga Bibi radi.

Hesabu yake ni rahisi, na ningefundishwa siku ile Kariakoo ningeokoka mengi. Lenzi ya f/1.8 inapitisha mwanga karibu mara kumi zaidi ya lenzi iliyofungwa f/5.6. Chukua sebule yenye dirisha moja. Kama kwa f/5.6 kamera inahitaji moja ya nane ya sekunde, mkono wako utatikisika na Bibi naye atapumua, picha imeharibika. Kwa f/1.8, mwanga ule ule, utahitaji takriban moja ya themanini. Hapo mtu anatulia, hata akitabasamu katikati unampata. Bibi yule yule, sebule ile ile, na bodi ya kamera ile ile ya mtumba.

Basi ushauri wangu kwa mwenye kamera ya mwanzo ni huu: kabla hujauza bodi ili ununue bodi kubwa, rudisha kile ulichonyang'anywa. Tafuta lenzi moja isiyovuta, yenye f/1.8. Canon wamekuwa na 50 ya f/1.8 ya plastiki tangu 1990, na toleo lililofuata likatoka 2015. Vioo vyake ni sita, vya ukoo ule ule wa Rudolph. Kwa pesa ya lenzi ya bei ya chini kabisa unanunua mawazo ya zaidi ya miaka mia moja.

Ila kuna mambo ya kuangalia kabla hujatoa hela. La kwanza, sensa ya kamera nyingi za mwanzo ni ndogo kuliko ile picha ya milimita 24 kwa 36 ya Barnack. Kwa hiyo lenzi ya 50 ukiifunga humo inabana, inaona kama lenzi ya 75 au 80. Kwa sura ya mtu ni nzuri sana. Kwa chumba kidogo chenye watu watano, utajikuta mgongo umegonga ukuta. Kama unapiga zaidi ndani ya nyumba, lenzi ya 35 ndiyo itakayokupa mtazamo wa ile 50 ya zamani. Nikon walitoa 35 ya f/1.8 mwaka 2009 kwa ajili ya kamera za namna hii.

La pili ni mtego uliowanasa wengi. Kamera za mwanzo za Nikon, kuanzia D40 ya mwaka 2006 mpaka zile za mfululizo wa 3000 na 5000, hazina mota ya fokasi ndani ya bodi. Ukinunua 50 ya zamani yenye alama ya D, itaingia vizuri na kupiga itapiga, lakini fokasi utazungusha mwenyewe kwa mkono. Tafuta yenye alama ya AF-S.

La tatu, sisi wa pwani tuna adui wetu, unyevu. Lenzi ya mtumba iliyokaa kabatini Dar, Tanga au Mombasa inaweza kuwa imeota kuvu ndani ya kioo, nyuzi nyembamba kama utando wa buibui. Washa tochi ya simu, imulike lenzi kwa nyuma, chungulia kwa mbele. Ukiona nyuzi, shukuru, rudisha, ondoka. Na yako ukishainunua, ihifadhi kwenye kopo lisilopitisha hewa pamoja na vile vipakiti vya kufyonza unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu.

Lenzi peke yake haimalizi kazi. Kuna sehemu nyingine ya historia hii ambayo inatugusa sisi zaidi. Kwa miongo mingi katika karne iliyopita, maabara za kusafisha picha za rangi zilipima usahihi wa rangi kwa kadi ya mfano ya mwanamke wa Kizungu. Kadi hizo ziliitwa Shirley. Rangi ya ngozi yake ikawa ndiyo kipimo cha rangi sahihi. Watu weusi walitoka wakiwa vivuli vyenye meno. Mtafiti wa Kanada, Lorna Roth, ameandika jinsi msukumo mkubwa wa kurekebisha filamu ulivyotoka kwa kampuni za samani na za chokoleti, zilizolalamika kwamba mbao na chokoleti zao hazionekani vizuri. Soma tena hapo. Chokoleti ilisikilizwa.

Kamera yako ya dijitali haina kadi ya Shirley ndani, lakini ina dhana yake. Kipima mwanga chake kinaamini kwamba dunia, ukiichanganya yote, ni kijivu cha wastani. Ukimpiga mtu mweusi mbele ya ukuta uliopakwa chokaa, kamera inaona weupe mwingi, inaogopa, inapunguza mwanga, na uso unazama. Kamera nyingi za mwanzo zina kitufe chenye alama ya kujumlisha na kutoa. Kibonyeze, ongeza moja. Ukuta utaungua kidogo, uuache uungue. Hukuja kupiga ukuta. Kinyume chake, uso mweusi ukijaza picha yote, kamera itaongeza mwanga kupita kiasi na ngozi itafifia kama imepakwa unga. Hapo punguza kidogo. Amua wewe uso uonekane vipi, usiiachie mashine.

Na ile 18-55 usiitupe. Nje, asubuhi au jioni, ukiifunga f/8, inatoa picha kali ambazo gazetini nimezitumia miaka yote na hakuna mhariri aliyeniuliza ni lenzi gani. Upande wa 18 unaingiza soko zima. Udhaifu wake uko gizani tu. Hata gizani, ukikosa hela ya lenzi nyingine, fanya alichofanya fundi wa 1974: zima flashi, fungua pazia, sogeza kiti. Mkalishe mtu ubavu wake ukielekea dirisha, hatua moja au mbili kutoka hapo, na usivute zumu. Baki kwenye 18 hadi 24 ambako tundu bado ni kubwa, usogee kwa miguu, ila usimkaribie mno ukamrefusha pua.

Mwaka 2017 nilinunua 50 ya mtumba. Niliimulika tochi mpaka muuzaji akacheka. Wiki za kwanza niliharibu picha nyingi kwa sababu nilikuwa naiachia f/1.8 kila wakati, na kwa tundu kubwa hivyo ukiwa karibu jicho moja likiwa kali sikio linakuwa ukungu. Nikajifunza kuweka fokasi kwenye jicho lililo karibu, na kuibana mpaka f/2.8 mwanga ukiruhusu.

Desemba ile nilikwenda Iringa. Ile studio ya kwenye mhuri siku hizi ni duka la vifaa vya simu. Dirisha lake limejazwa kava na chaja, mwanga haupiti. Nyumbani nilimwomba mama akae kwenye kiti cha Bibi, nikakisogeza karibu na dirisha la sebuleni, nikafungua pazia. Bodi ilikuwa ile ile ya aibu ya mwaka uliotangulia. Nilipiga picha sita tu. Kwenye ya nne alikuwa ananiuliza kama chai imechemka, na ndani ya mboni zake nilipoikuza niliona kimraba cheupe.

Nikamwonyesha. Aliitazama kwa muda, akaisogeza mbali, akaileta karibu, kama wanavyofanya watu wasiopenda kuvaa miwani.

"Hii kaisafishe," akasema. "Lakini msiitumie mapema."